Kinanda Kilichopanda Boti

Mji wetu wa Billamurra ulipokuwa unajiandaa kutimiza miaka mia na hamsini, mimi, mjinga wa watu, nilimsindikiza shangazi Verna kwenda kuomba jambo moja tu: jina la Alby, mdogo wake, liandikwe kwenye jiwe la waliokufa kwa mafuriko.

Habari yenyewe mji unaisimulia nusu. Kambi yetu sisi weusi, wenyeji wa asili wa nchi hii, ilikuwa bondeni, kwa sababu huko ndiko tulikofukuziwa. Mto ulipofurika, shangazi na Alby, watoto bado, waling'ang'ania juu ya mkalitusi. Boti ilikuwa moja. Ikawapita imebeba kinanda cha hoteli. Mwenye hoteli akapaza sauti kwamba imejaa, atawarudia. Akarudi kesho yake, na Alby alikuwa ameshachoka kushika.

Kinanda hicho sasa kimo kwenye makumbusho ya mji, kinang'aa, na kibao cha shaba kinachosema kiliokolewa.

Mwenyekiti wa kamati, Bibi Hargrave, mjukuu wa mwenye hoteli, alitukaribisha kwa chai na skonzi. Akasema anatuonea huruma sana, lakini jiwe ni la wakazi, na kambi ilikuwa nje ya mpaka wa mji. Halafu, jamani, mtu na roho yake, akamwomba shangazi aje apigwe picha ya gazeti kando ya kinanda, kama shahidi wa mwisho aliyebaki.

Shangazi akakubali. Siku ya picha aliniambia nimchotee ndoo ya maji mtoni, nami sikuuliza.

"Alby aliniuliza kama watarudi," alimwambia Bibi Hargrave. "Nikamwambia watarudi, hawa nao ni watu."

Bibi Hargrave akamwomba ageuze uso kidogo upande wa dirishani.

Shangazi akafunua kifuniko cha kinanda, akamimina ndoo nzima, matope na yote.

Watu walilia. Naapa, wanaume wazima walitokwa machozi kwa ajili ya kinanda. Fundi akaletwa kutoka Melbourne. Shangazi akapigwa marufuku kukanyaga pale, na kabla ya baridi kuingia tukamzika.

Kinanda sasa kina kibao cha pili, kinachosema kiliumizwa na maji, na mwaka kilipoumizwa. Jiwe liko vilevile.