Kunguru Juu ya Barafu

Mke wangu Gunvor aliendesha basi la bonde letu miaka thelathini na ushei, na hakuwahi kugonga hata mbwa. Nikisema bonde letu nasema Sweden ya kaskazini, ambako nusu ya mwaka barabara ni kioo na nusu nyingine ni matope. Kwa hiyo mwezi wa Agosti daktari wa macho alipomwambia arudishe leseni, mimi ndiye niliyepandwa na hasira. Yeye aliitoa mkobani, akaiweka mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja. "Haya, chukua," akasema. Njia nzima ya kurudi nyumbani, usukani nikiwa nimeshika mimi, alikuwa akikanyaga breki isiyokuwepo.

Katikati ya macho yake yote mawili pameota doa la kijivu. Pembeni anaona, katikati haoni kitu. Akitaka kuniona uso inabidi atazame sikio langu. Mwanzoni nilidhani ameanza kunicheka masikio, ambayo kusema kweli ni makubwa.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, nilisikia kitu kinaburutwa barazani. Kufungua mlango, namkuta Gunvor ameinama, anasukuma pikipiki.

"Unaipeleka wapi hiyo?"

"Jikoni."

"Jikoni kwangu?"

Nieleze kidogo. Nilikuwa mpishi wa shule mpaka nilipostaafu, na jikoni ni kwangu. Gunvor hajawahi kukaanga hata yai. Na ile pikipiki, Kunguru, ni ya kwake: nyeusi, ya Kiingereza, silinda moja, umri wake karibu sawa na wetu. Aliinunua kwa mishahara yake ya kwanza ya udereva, kabla hajanijua mimi, jambo ambalo hupenda kunikumbusha. Miaka ishirini ilikuwa imelala bandani chini ya blanketi na injini ilikuwa imekwama kabisa.

"Bandani baridi inaua vidole," akasema. "Na mimi siku hizi naona kwa vidole. Sogea."

"Gunvor mke wangu, leseni huna."

"Nani kasema barabarani? Nitaiendesha ziwani. Kwenye barafu kuna nini cha kugonga? Wewe niambie."

Akakaa juu ya kiti cha Kunguru, pale pale mlangoni, theluji ikiingia ndani.

"Daktari kasema doa litakua, ila hajui litakua haraka kiasi gani. Mwakani sijui nitaona nini. Huu ndio msimu wangu, Evert. Nikiimaliza kabla barafu haijavunjika, nitaiendesha mara moja tena kwa mikono yangu. Nikichelewa, basi. Nitakaa nitulie, na wewe utaniendesha kwenda dukani mpaka nife."

Nikasogea.

Ndivyo Kunguru alivyoingia jikoni kwangu. Ndani ya wiki moja injini ilikuwa juu ya meza ya chakula na sisi tunakula magotini. Vibati vyangu vya kuokea keki ndogondogo vilijaa nati na bolti, kila shimo la kibati na zake, kwa mpangilio uleule zilivyofunguliwa. Nyaya alizitia mafundo: fundo moja la taa, mafundo mawili ya honi. Nilipomuuliza atakumbukaje yote hayo, akaniuliza mimi hukumbukaje chumvi iko wapi.

Nilikuwa nikimtazama huku nikimenya viazi. Mwezi mzima nilijifanya namenya viazi. Aliingiza mkono ndani ya silinda, akazungusha ukucha taratibu, macho kayainua kwenye dari. "Hapa pana mkwaruzo," akasema. Nikaleta miwani, sikuona. Nikaleta tochi, nikaona unywele mwembamba wa mkwaruzo, pale pale alipoweka ukucha. Sijui nieleze vipi. Nilimpenda mwanamke huyu toka zamani, lakini kumpenda kwa namna ile, na ganda la kiazi limeninata kidoleni, ilikuwa mara ya kwanza.

Jirani yetu Assar alikuja kunywa kahawa kila siku, kwa sababu kwake hana wa kumsema vibaya. Ni mvuvi wa barafuni. Majira yote ya baridi anatoboa mashimo ziwani na kukaa juu ya ndoo, akijisokotea sigara.

"Leo mnapika nini?" akauliza huku akichungulia. "Supu ya gia?"

"Assar, ukija na matusi njoo na maziwa pia," Gunvor akamjibu.

"Hiyo haitawaka, mama. Vyuma vimekufa hivyo. Ikiwaka, mimi nitaosha vyombo vya Evert mpaka kiangazi."

"Umesikia, Evert? Usioshe kitu. Viache virundikane."

Mwezi wa Januari ilifika zamu ya beringi kubwa. Kasha la injini ni la aluminiamu na beringi ni ya chuma, na inatakiwa ikae humo imebana kabisa. Ukiigonga kwa nyundo umeharibu. Mafundi wa huku hulipasha kasha moto ndani ya oveni ili litanuke, na beringi huigandisha ili isinyae. Kisha unaidondosha tu, inakaa. Ila una sekunde chache, kasha likipoa kidogo mchezo umekwisha.

Oveni yangu! Ile niliyoipigia mahesabu miaka miwili kabla ya kuinunua. Nilisema maneno mengi siku hiyo, na hakuna hata moja lililosaidia. Kasha likaingia, jikoni kukanuka mafuta ya zamani. Kila baada ya muda alifungua mlango wa oveni na kutema mate juu ya kasha.

"Unatemea mate oveni yangu?"

"Mate yakiruka, limeiva. Wewe huwa unajuaje mkate umeiva?"

"Nagonga chini kwa kidole! Sitemi mate!"

Safari hii mate yakaruka. Akavaa glovu zangu za kuokea, akatoa kasha, akaliweka juu ya ubao. "Beringi! Friza, droo ya pili, kwenye karatasi ya siagi. Haraka!"

Nikafungua droo ya pili. Beri za njano, nyama ya mawindo, mkate. Karatasi ya siagi haikuwepo. Polepole nikageuka kutazama sinki. Mle ndani, juu ya sahani, palikuwa na kifurushi cha karatasi ya siagi nilichokuwa nimekitoa asubuhi kiyeyuke kwa ajili ya chakula cha mchana, pamoja na jemu kama ilivyo desturi ya huku.

"Gunvor," nikasema, "nilidhani ni soseji ya damu."

Kasha linapoa. Assar, kikombe mkononi, akaangalia sakafu, mabega yakimtikisika.

"Umeitoa beringi yangu," Gunvor akasema taratibu, "ili uikaange."

"Ni duara! Ni nzito! Imefungwa vilevile!"

"Na jemu ungeipaka upande gani?"

Assar akashindwa kujizuia, akamwaga kahawa. Na Gunvor, ambaye nilidhani atanipiga kwa spana, akaanza kucheka mpaka akakaa chini, glovu za oveni usoni. Alipomaliza akafuta macho. "Nje kuna baridi kiasi gani?"

Nikatazama kipimo cha dirishani. "Thelathini chini ya sifuri."

"Sasa friza ya nini, enyi wajinga watatu?" Akajihesabu na yeye humo. Akaitupa beringi barazani kwenye theluji, kasha likarudi ovenini, tukanywa kahawa nyingine. Nusu saa baadaye akashika kasha kwa mkono mmoja na beringi kwa mwingine, akafumba macho, akaiachia. Ikasema *tak*. Ilikaa kama iliyozaliwa humo. Soseji ya damu ya kweli tuliila jioni, na jemu ya beri nyekundu, na Gunvor akaigonga kwa uma kwanza kabla ya kula.

Februari injini ilirudi ndani ya fremu. Nilimsaidia kutia skrubu fupi kwenye tairi, zenye vichwa vikali vya kuuma barafu. Mimi nilijichoma vidole vyote, yeye hata kimoja. Kisha Machi mvua ikanyesha, mapema kuliko kawaida, na Assar akaja uso umemsawajika. Maji yalikuwa yamelala juu ya barafu.

"Asubuhi bado ni ngumu," akasema. "Mpaka ng'ambo nimetoboa, ni nene, ni salama. Lakini joto hili likiendelea, mna asubuhi mbili, labda tatu."

Siku hiyohiyo tukamsukuma Kunguru uani. Gunvor ni mfupi, lakini ana mapaja ya mtu aliyekanyaga klachi ya basi maisha yake yote. Akapiga kiki. Hakuna. Akapiga tena, mara nyingi. Kunguru akatoa mshindo mmoja nyuma, moshi mweusi, kisha kimya. Mpaka mchana alikuwa amelowa jasho, na mara ya kwanza tangu Agosti niliona mdomo wake unatetemeka.

"Pumzika," nikamwambia.

"Nikipumzika barafu itapumzika?"

Akaweka kiganja juu ya injini, akakaa hivyo muda. "Cheche inachelewa," akasema. Kisha akatazama sikio langu. "Evert. Ile siku nilipokuomba unisomee alama za mzunguko wa injini, ili nipange wakati wa cheche, ulivaa miwani gani?"

Nikapapasa mfukoni. Nilikuwa nimevaa ya kutazamia mbali.

"Kosa langu," akasema. "Nimefanya kazi yote hii kwa vidole, pahali pamoja tu nikaamini macho, tena ya kwako. Assar, nipe karatasi ya sigara."

"Unaanza kuvuta?"

"Lete hapa."

Ndani ya injini ile kuna vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana, na pale vinapoachana ndipo cheche inaruka. Gunvor alibana ile karatasi katikati yake. Kwa mkono mmoja akazungusha injini, taratibu mno, kwa mwingine akaivuta karatasi kidogokidogo, hata isichanike. Ilipoteleza na kutoka, akasimama. Hapo ndipo vinapoachana. Akakaza nati kwa kupapasa, akarudia jambo zima, karatasi ikateleza pale pale.

Kiki moja. Kunguru akanguruma, kunguru wote wa kweli wakaruka kutoka paa la kanisa la jirani. Gunvor akapiga ukelele ambao sijausikia tangu tulipokuwa vijana. Mimi nililia, sioni haya kusema. Assar alisimama kidogo, akavua glovu zake, akaingia ndani, moja kwa moja hadi kwenye sinki, kuosha vyombo vyangu.

Kesho yake niliamka kabla yake. Huku kwetu, njia ya barafuni huwekewa alama kwa misonobari michanga iliyochomekwa kwenye theluji, upande mmoja, mbalimbali, ili mtu asipotee. Mimi niliikata mkokoteni mzima. Niliichomeka pande zote mbili, karibukaribu, kutoka gatini kwetu kwenda mbele, mpaka mkokoteni ukawa mtupu na mgongo ukanikatika. Katikati ya macho yake hakuna kitu, najua. Ila pembeni anaona, na kijani kibichi juu ya weupe anakiona vizuri kuliko chochote.

Gunvor alipofika gatini akasimama. Akageuza kichwa kulia, kisha kushoto, akiitazama njia kwa pembe za macho.

"Nani kafanya hivi?"

"Assar," nikasema.

"Muongo," akasema Assar. Gunvor akanishika sikio, akalivuta hadi nikainama, akanibusu kwenye paji la uso.

Akaondoka. Alikaa wima kama alivyokuwa akikaa kwenye basi, mwanamke wa miaka sitini na nane aliyevaa koti la baba yake, misonobari ikimpita kulia na kushoto. Hakugusa hata mmoja. Skrubu za tairi zilirusha barafu nyuma yake. Nilisikia gia ya pili, ya tatu, ya nne, zote laini, na nikajua kila kitu kilichokuwa kikizunguka humo ndani, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa kimelala jikoni kwangu. Aligeuza mbali, akarudi, akasimama mbele yangu.

"Panda."

"Mimi?" Miaka arobaini ya ndoa sijawahi kupanda kitu kile, na yeye anajua. Ninaogopa, ndiyo sababu pekee.

"Usipopanda wewe, napanda mimi," akasema Assar.

Nikapanda. Misonobari ikaanza kupita, kwanza polepole, halafu haraka mpaka ikawa ukuta wa kijani pande zote mbili. Kisha, ghafla, ikakatika. Ulikuwa mwisho wa mkokoteni wangu.

"Gunvor!" nikapiga kelele. "Misonobari imekwisha!"

Akapunguza mwendo. "Mbele kuna nini?"

Nikachungulia juu ya bega lake. Ziwa lilikuwa jeupe, mbingu nyeupe, ng'ambo imemezwa na ukungu, hata mstari wa kutenganisha hakuna.

"Hakuna kitu," nikasema. "Sioni kitu chochote."

"Basi leo unaona kama mimi," akasema Gunvor. "Shika vizuri."

Nikamshika kiuno kwa mikono yote miwili, naye akaongeza mafuta.