Mapigo ya Lieven

Kila Jumapili, tukitoka milimani, wazee wa chama chetu cha baiskeli hapa Oudenaarde, Ubelgiji, hukaa kwenye baa ya Godelieve na kuhesabiana mapigo ya moyo. Mwenye mapigo ya polepole kuliko wote hanunui bia. Moyo wa polepole ndio moyo wa mwendesha baiskeli hasa, na Lieven hajanunua bia tangu magoti yangu yakiwa mazima.

Jumapili ile alishinda tena. Tukampigia makofi. Yeye akasinzia palepale, povu la bia mdomoni.

"Amka, bingwa," nikamtikisa. "Ushindi gani huu wa kukoroma?"

"Usinichekeshe, Nest." Alifungua macho kwa shida. "Alhamisi nilianguka bafuni. Daktari anasema huu si uzima. Moyo umechakaa, unasahau kupiga. Anataka kunitia kidude cha umeme kifuani. Kabla ya hapo nisiguse baiskeli."

"Na leo umepanda mlima Koppenberg?"

"Polepole."

"Mjinga wewe! Na sisi tunakupigia makofi!"

Kumbe tulikuwa tunashangilia ugonjwa.

"Nikikaa nyumbani nitaoza," akasema. "Wewe ungeacha?"

Mtulinga wangu umevunjika mara mbili, vidole vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi, na sikio limekatwa kipande kwa sababu ya saratani iliyoletwa na jua. Lakini mke wangu alipofariki, ni baiskeli iliyonitoa kitandani, na ni wazee hawa wajinga waliokuja kunigongea mlango. Nimeyapima haya mara nyingi hadi nimechoka.

"Mimi siachi," nikasema. "Ila mimi navunja mifupa, na mfupa huunga. Wewe ukizimika kwenye mteremko, unatuangusha sote tulio nyuma yako. Atakayepona, mkeo Mariette atammaliza kwa hasira."

Akacheka kidogo, kisha akatoa simu.

"Mariette? Njoo na gari... Ndiyo, nimeendesha. Utanigombeza nyumbani, mke wangu. Mwambie daktari nimekubali."

Mariette alifika, akafungua buti ya gari. Lieven akachomoa gurudumu la mbele mwenyewe, akailaza baiskeli nyuma ya gari, akapanda.

Tuliobaki tukavaa kofia turudi nyumbani. Upepo ulikuwa wa mbele, na mgongo mpana wa Lieven, ambao tulizoea kujificha nyuma yake, ulikuwa umeondoka na gari.

"Haya, nani anatangulia?" mmoja akauliza.

Kila mtu akajifanya anakaza kamba za viatu.