Mstari Hafifu

Muuguzi alikichovya kikaratasi cha kipimo kwenye kikombe cha mkojo, akakilaza mezani, mara akaitwa chumba cha pili. "Msikiguse," alisema. "Nakuja kukisoma."

Mkunga hakukigusa. Alikikodolea macho tu, mjukuu wake amelala fofofo mgongoni, ndani ya mbeleko. Mkojo ulikuwa wa binti yake aliyeketi kando, mama wa mtoto huyo, fundi cherehani aliyeanza na vidonge vya kutuliza maumivu ya mgongo akaishia kwenye dawa kali za kulevya zinazotengenezwa maabara, zile ambazo chembe tu humlaza mtu asiamke. Alikuwa amemaliza matibabu. Makubaliano yalikuwa mepesi kuyatamka: kipimo kikiwa safi, leo anaondoka na mwanawe.

Mstari wa kwanza ulijitokeza, mwekundu. Wa pili ukafuata kwa kusitasita, kama uzi uliochujuka.

Mkunga aliihesabu mistari. Maisha yake yote amewasomea wanawake vipimo vya mimba: mmoja, hakuna kitu, miwili, kipo.

"Umerudia," alisema.

"Mama, hiki ni kinyume. Miwili ndiyo safi."

"Hivyo hivyo uliniambia ile ni dawa ya mafua."

Zamani binti angefoka, angepiga teke kiti. Sasa aliweka mikono mapajani, vidole vyenye vidonda vya sindano ya cherehani, akangoja. Utulivu ule ulimtisha mkunga kuliko ghasia.

Muuguzi alirudi, akainama juu ya meza. "Safi! Hongera, dada."

"Safi vipi, na hiki hapa ni nini?" Mkunga alinyoosha kidole. "Wewe nilikupokea kwa mikono hii, ukanikojolea hata kabla hujalia. Leo unanisomesha mkojo?"

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. "Mama, nisamehe kwa ule. Lakini huu una adabu. Dawa ikiwemo, mstari wa pili hautokei. Ukiuona, basi dawa tunayoitafuta haimo."

"Hata ukiwa hafifu?"

"Hata ukiwa hafifu namna hii."

Mkunga aliuinamia tena ule uzi. Amewahi kupokea vichanga vilivyotoka kimya, akasimama vivyo hivyo, akikitazama kifua kidogo mpaka kikapanda.

"Asante," alisema, na muuguzi akadhani anaambiwa yeye.

"Asante ya nini, mama?" binti aliuliza.

"Ya kuningoja."

Alifungua fundo la mbeleko, akamhamishia mtoto mgongoni kwa mama yake, akakaza, akapapasa kuona kama imeshika. Mtoto alinung'unika, akatafuta mahali pa kuweka shavu, akalala.

Walitembea pamoja hadi njia panda. Binti alikata kushoto, kwenda chumbani kwake. Mkunga alikata kulia, hakugeuka kuchungulia. Blauzi yake ilikuwa bado imelowa jasho la mtoto, na upepo ukalipoza taratibu.