Uso wa Kwenye Kamera

Tangu asubuhi shangazi Mwanamvita, mpambaji wa maharusi, alikuwa amemkalia Bushra kooni. "Kamera haina huruma, mwanangu!" Akamkandika poda kama anayepiga lipu ukuta, akambandika kope, akambana mtandio kwa pini mpaka shingo ikakataa kugeuka. "Na usicheke. Ukicheka tu, poda inapasuka."

Basi Bushra, muuza mchele wa mtaa wa Chapwa ambaye wateja walimpendea kicheko chake, akakaa mbele ya kompyuta kama sanamu. Kwenye skrini, wenye maduka wa ng'ambo ya mpaka, aliotaka kuwauzia mchele wake, walimkodolea macho. Jasho likamtiririka mgongoni, naye hakuthubutu kujitikisa.

"Naitwa Bushra," alianza, midomo ikisogea kwa shida.

Mara mama yake akaingia na kikapu, katoka sokoni. Akamtazama usoni, akainama kwa adabu.

"Karibu sana, mgeni. Ngoja nikuitie mwenyewe."

Akatoka uani akipaza sauti, "Bushra! Bushra wee! Una mgeni!"

Kule kwenye skrini wote walisikia. Bushra akabaki kuikodolea kamera macho. Kuitika aliona aibu, na kucheka alikuwa amekatazwa.