Jibu la Mzee Shekiondo

Jumatatu moja ya mwaka 1985, Mwalimu Bibiana aliandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu, kwa kuwa chaki ilikuwa haijafika Tanga tangu masika: Nani alijenga reli ya Tanga?

"Wajerumani!" darasa la saba likaitikia kwa pamoja.

Ndipo Mzee Shekiondo alipoingia na kuegemeza sururu yake mlangoni. Alikuwa amekufa zamani, kabla reli haijafika Mombo, na udongo wa tuta ungali magotini mwake.

"Shikamoo, mzee," alisema mwalimu. "Futa miguu, darasa limepigwa deki."

"Marahaba. Reli nimejenga mie na wenzangu."

"Mwalimu, na huyu ada kalipa?" aliuliza Uweso, wakacheka.

Mize, kitukuu chake, alimpa nafasi kwenye dawati la nyuma. Tangu hapo mzee alihudhuria kuliko Uweso. Wakati wa mapumziko aliwaonyesha watoto namna reli ilivyobebwa: wanaume begani, mmoja akiimba ili miguu iende pamoja. Aliyekosea hatua alipondwa mguu.

"Mwanangu," mwalimu alimwambia Mize faraghani, "hayo ni kweli. Lakini kwenye mtihani hayamo."

Shule ilikuwa na nafasi moja ya msichana kwenda sekondari, na Mize ndiye aliyekuwa akiongoza. Swali la reli lilitoka. Majibu yalikuwa Wareno, Waarabu, Wajerumani na Waingereza. Mize aliyasoma yote, asimwone babu yake. Akaongeza la tano kwa mkono wake, "Shekiondo na wenzake", akalizungushia duara.

Nafasi ilikwenda kwa mwenzake darasani, Brightness, aliyemzidi alama moja. Mize akaanza kibarua cha kuanika katani.

Mwaka uliofuata chaki ilikuwepo, hata sabuni ya kunukia ilirudi madukani. Mwalimu Bibiana aliuliza swali lilelile. Tuhfa, mdogo wake Mize, alikuwa ameketi kando ya mzee, naye alikwishafungua kinywa. Mzee Shekiondo akawahi kunyoosha mkono.

"Haya, mzee."

Alisimama. Udongo ukamdondoka magotini.

"Wajerumani, mwalimu."

"Vizuri sana. Mpigieni makofi."

Wakampigia.

"Umefaulu, babu!" alisema Uweso, aliyekuwa akirudia darasa.

Mzee aliketi, akamsogezea Tuhfa daftari.

"Andika," alimwambia.