Joho la Mfalme wa Fukuto

Katika anga la mbali ilikuwapo Himaya ya Fukuto, sayari kubwa isiyo na ardhi wala mwamba. Yote ilikuwa hewa na mvuke. Iliizunguka Nyota yake kwa ukaribu wa kutisha, upande mmoja ukiungua daima, wa pili ukikaa gizani daima. Mfalme aliketi upande wa mwanga, na barazani mwake hakuna aliyeruhusiwa kuipa Nyota mgongo.

Joto la Nyota lilimvua Mfalme mvuke wa mwili wake, ukaburuzika nyuma yake kama mkia unaometameta. Wakuu waliuita joho, wakashikilia kwamba ukuu hupimwa kwa urefu wa joho. Ili lisipungue, Waziri Upepo alitumwa gizani kuwaleta Mawingu.

"Mnaitwa kuvishwa heshima," aliwaambia.

Naye alijua. Kila alipovuka mpaka wa mwanga aliwasikia wakikatika mikononi mwake, wakiwaita mama zao, kisha akajikuta amebeba utupu.

Hatimaye gizani hawakubaki ila Bibi Wingu na mjukuu wake, Ukungu. Mfalme alipoamuru mtoto aletwe, Bibi alifika mwenyewe hadi ukingo wa giza, mkabala na baraza.

"Mfalme, nduguze Ukungu walitangulia. Sijaletewa hata salamu."

"Wamo katika joho langu," alijibu Mfalme. "Aliyevaliwa na mfalme amtumie nani salamu tena?"

Wakuu wakacheka kwa adabu. Bibi akamgeukia Upepo.

"Wewe, baba, ndiye uliyewabeba. Niambie kweli: walifika salama?"

Kweli ingemwokoa mtoto, nayo ingemvua Waziri cheo. Upepo akasafisha koo.

"Walifika, Bibi. Wanang'aa."

"Basi moyo wangu umetua."

Akarudi ndani ya giza, akamchana nywele mjukuu wake, akamkabidhi kwa mikono yake mwenyewe. "Umshike vizuri. Huogopa mwendo wa kasi."

Upepo alimshika vizuri, mpaka pakawa hapana cha kushika.

Joho likapungua tena, na Mfalme akaanza kukonda waziwazi. "Amebaki nani?" alifoka.

"Bibi Wingu, Mfalme."

"Aletwe huyo, awe joho langu!"

Upepo alimkuta Bibi amekwisha kujitanda, tayari kwa safari. "Umekawia, baba. Nimewatamani wajukuu zangu."

Hapo Waziri akaishiwa uongo. "Bibi, nilikudanganya. Hakufika hata mmoja. Hata Ukungu."



"Nilipokuwa na mtoto wa kumficha," alisema Bibi, "ulimi wako ulikuwa wapi?"

Upepo hakumgusa. Aliketi kando yake gizani, huku Mfalme akiita, akiita, kila mwito ukiwa mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka Nyota ikamvua na sauti.

Bibi hakumshukuru.