Kitabu cha Anayejua Kazi

Vitabu vilikuwa viwili, na Mama Masijala hakupenda sura ya hata kimoja. Cha kwanza kilikuwa chekundu, chembamba, chenye picha ya kompyuta inayotabasamu, na kwenye jalada kilijitambulisha kuwa mwongozo wa anayeanza kabisa. Cha pili kilikuwa cha buluu, kinene kama tofali, na kiliahidi kumnoa mtumiaji mzoefu. Mganga mkuu wa hospitali aliviweka mezani kwake Jumatatu asubuhi, kati ya mhuri na rundo la kadi za wagonjwa.

"Soma vyote," alisema. "Ijumaa niletee ripoti ya ukurasa mmoja, kipi tuwanunulie makarani wa hapa na wa vituo vyetu vyote. Wiki inayofuata watafanya mtihani. Atakayeshindwa kutafuta mafaili ishirini kwa nusu saa, atakwenda stoo ya mashuka."

"Na kama vyote havifai, daktari?"

"Kimoja lazima kifae," alisema mganga mkuu, akaenda zake.

Mama Masijala hakuhitaji kuambiwa stoo ya mashuka ilikuwa inamngoja nani. Alikuwa na makarani wanne chini yake pale masijala, chumba cha mafaili ya wagonjwa. Watatu walikuwa vijana walioikuta kompyuta shuleni. Wa nne alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja ambaye hospitali nzima ilimwita Cherehani, kwa sababu akikaa kwenye mashine ya taipu ungedhani kuna mtu anashona. Kwa miaka ishirini na sita alipiga kadi za wagonjwa huku akipiga soga, na kadi ikitoka haina doa. Sasa mashine za taipu zilikuwa zimefungiwa kabatini, na katika mwezi wa majaribio Cherehani alitafuta mafaili kwenye kompyuta akaambulia patupu mara nyingi mno, hata wale vijana wakaanza kumwonea huruma. Huruma hiyo ilimkera Mama Masijala kuliko kitu chochote. Heri wangemcheka.

Basi akakata shauri. Hatachagua kitabu kwa jalada, wala kwa kumsikiliza fundi wa kompyuta, ambaye alishapita kutoa maoni yake kabla hajaombwa.

"Cha buluu, mama," fundi alimwambia. "Mimi nilijifunzia hicho. Kina kila kitu."

"Ulikisoma ukiwa unajua nini?"

Fundi alifikiri kidogo. "Kompyuta nilikuwa nimeshaijua."

"Basi hakikukufundisha, mwanangu. Kilikukumbusha."

Njia aliyoichagua ilikuwa ya kizamani, na ndiyo iliyokuwa ikimsaidia kupima utepe wa taipu na karatasi za kaboni: mpe mtu atumie, umwangalie. Alichukua penseli na kadi tupu. Msomaji angekaa mbele ya kompyuta na kitabu, yeye angekaa nyuma yake. Kila msomaji anapokwama, nukta. Kila anaporudi ukurasa wa nyuma, msalaba. Na mwamuzi asifungue mdomo hata msomaji aungue. Sharti hilo la mwisho ndilo lililomtoa jasho, maana alikuwa mtu wa kusahihisha hata salamu.

Jumanne alimwita mfagiaji wa wodi, mwanamke mpole ambaye hajawahi kugusa kompyuta ila kuifuta vumbi. Akampa kitabu chekundu. Mfagiaji alisoma kila mstari kwa kidole, kila neno, pamoja na lile la kumpongeza kwa kuwasha mashine. Baada ya saa moja na robo alikuwa ameshika kipanya, ameandika jina lake, na ameitafuta namba ya mgonjwa akaipata. Nukta tisa, misalaba miwili.

"Kumbe ni hivi tu?" aliuliza mfagiaji, akiwa hataki kuinuka.

Mchana ikawa zamu ya fundi na kitabu cha buluu. Alikaa kwa madaha, akidhani anafanya hisani. Katika sura ya saba alirudia aya moja, kisha akaunganisha orodha mbili za wagonjwa kwa njia ambayo alikuwa haijui. Nukta tatu tu, na uso wa mtu aliyekutwa hajui jambo. Kwa hiyo kila kitabu kilimfaa mwenyewe. Mtu mwingine angeandika ripoti hapo hapo na kwenda nyumbani mapema.

Jumatano alimkalisha Cherehani, akampa chekundu kwanza.

"Hii ni kibodi," Cherehani alisoma kwa sauti. "Kibodi ina herufi unazoweza kubonyeza kwa vidole." Akasonya. "Wifi, huyu bwana anadhani nimezaliwa jana?"

Mama Masijala aliuma meno, akalishika sharti lake. Cherehani akaruka ukurasa ule, akaruka na zilizofuata, kurasa kumi na moja kwa mkupuo mmoja, mpaka akafika penye kutafuta kumbukumbu. Hapo akatulia. Akaipiga namba ya mgonjwa, 1147, kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna kumbukumbu. Akapiga tena. Hakuna. Akakiacha chekundu, akachukua cha buluu, ambacho kilimwambia aweke kigezo cha utafutaji kwenye uga husika. Alisoma sentensi hiyo mara tatu, akapata maana yake kwa jasho, kwamba namba iandikwe kwenye kisanduku chake, akapiga namba. Hakuna kumbukumbu. Kadi ya Mama Masijala ilijaa nukta mpaka akahamia upande wa pili.

"Mtu huyu yupo," alisema Cherehani, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kadi yake niliipiga mwenyewe. Ana mguu wa bandia, ana mabinti mapacha. Hii inaniambia hayupo."

Mama Masijala alivunja sharti lake mwenyewe. Alisogeza kiti, akaipiga namba ile kwa mikono yake. Hakuna kumbukumbu.

Walimwita fundi. Akaja, akapiga namba kwa vidole viwili, na mgonjwa akatokea na anwani yake, mguu wake na mapacha wake.

"Ni mkono tu, mama," alisema. "Mtu akishakula chumvi nyingi, mkono unachoka."

"Mkono wa huyu unapiga maneno themanini kwa dakika," alisema Mama Masijala. "Wako?"

Fundi akatazama saa yake.

Siku ile Mama Masijala alirudi nyumbani amenuna. Mumewe alimuuliza habari za kazini, akajibiwa kwamba kazini ni kazini. Hakukubali kwamba wifi yake amechoka mkono. Hakukubali pia kwamba yeye mwenyewe amechoka, ingawa kompyuta ilikuwa imewakataa wote wawili kwa maneno yale yale. Hasira ilimsaidia kufikiri. Wote wawili walikuwa wametazama skrini, na skrini ilionyesha namba ile ile. Basi tatizo halikuwa kwenye skrini.

Alhamisi aliwakalisha Cherehani na fundi bega kwa bega, kila mmoja na kibodi yake, akafunika skrini zote mbili kwa shuka la wodini.

"Moja, moja, nne, saba," alisema. "Polepole."

Akainama kuangalia vidole. Kidole cha fundi kilipanda safu ya juu kabisa, kona ya kushoto, kikabonyeza namba moja mara mbili. Kidole cha pete cha Cherehani, mkono wa kulia, hakikupanda popote. Kilishuka pale pale kilipokuwa kimelala, juu ya herufi ndogo ya L. Mara mbili.

Hapo mambo yote yakawa wazi. Zile mashine zao za taipu hazikuwa na kibonye cha namba moja. Waliozitengeneza waliona herufi ndogo ya L inafanana nayo, wakaacha kujisumbua, na wapiga taipu wakazoea. Kwenye karatasi nani angejua? Lakini kompyuta haisomi kwa macho. Kwake ile ni herufi, na mgonjwa huyu alikuwa ameingizwa kwa namba tupu.

Fundi alianza kucheka, kisha akawaangalia wale wanawake wawili na kuacha. Cherehani alikitazama kidole chake kana kwamba si chake. Halafu akamtazama wifi yake, na kwa haraka sana akatazama pembeni.

Mama Masijala alielewa Cherehani alikuwa akikwepa nini. Katika chumba hiki hiki, Cherehani akiwa bibi harusi wa juzi na kazi haijui, mwalimu wake alikuwa yeye. Alisimama nyuma yake na rula ya mbao, na kila kidole cha pete kilipoinuka kwenda kuitafuta moja isiyokuwepo, alikigonga. "Kaa nyumbani wewe," alikuwa akikiambia. Kidole kikatii, na kimetii mpaka leo. Mama Masijala aliona aibu.

Hakukaa nayo. Alimwambia fundi atafute kumbukumbu zote zilizoingizwa kwenye kompyuta katika mwezi wa majaribio zikiwa na herufi ndani ya namba. Zilikuwa mia tatu na sitini. Mia mbili na kumi na mbili za Cherehani, zilizobaki zake yeye. Baadhi ya wagonjwa hao walikuwa wameshafika dirishani, vijana wakawatafuta kwa namba sahihi, na wakaambiwa hawapo. Kisha alivipekua vile vitabu viwili neno kwa neno. Chekundu kiligusa jambo hilo mara moja, ukurasa wa sita: namba ziko safu ya juu. Ni ukurasa ambao Cherehani aliuruka, na fundi seremala naye angeuruka ukurasa wa kumweleza nyundo. Cha buluu hakikusema lolote. Hakikuwaza kwamba kuna mtu kama yule duniani.

Ijumaa waliingia ofisini kwa mganga mkuu watatu: yeye, Cherehani na fundi. Daktari alisoma ripoti, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Nilikuomba jina la kitabu."

"Chekundu kinamfaa asiyejua kitu, daktari. Cha buluu kinamfaa anayejua kompyuta. Mimi nina karani anayeijua kazi hii kuliko sote humu ndani, ila kompyuta haijui. Huyo hajaandikiwa kitabu. Na kila kituo chetu kina mtu wa namna hiyo. Ukiwapa chekundu watakiruka, ukiwapa cha buluu watakufa kikondoo, halafu utawajaza stoo ya mashuka."

"Kwa kosa dogo kama hili?" Daktari aligonga ripoti kwa kalamu. "Mafaili mia tatu na sitini. Nani aliyemfundisha mtu kupiga namba kwa herufi?"

"Nilijifunza mwenyewe, daktari," alisema Cherehani upesi. "Nilizoea vibaya. Kosa ni langu."

Aliongopa vibaya, macho sakafuni, mikono ameificha nyuma. Fundi alikohoa. Mama Masijala alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na jina lake lilikuwa safi. Kunyamaza kungemtosha. Mtu aliyekaa siku nzima nyuma ya wasomaji bila kufungua mdomo alishajifunza kunyamaza.

"Anaongopa," alisema. "Nilimfundisha mimi, kwa rula. Na katika mafaili hayo, mia moja arobaini na nane ni yangu. Kama ni stoo ya mashuka, nitangulie mimi."

Mganga mkuu alivua miwani. Nje ya dirisha kitanda cha magurudumu kilipita kikilia hadi mwisho wa korido.

"Ripoti ngapi zimepita mezani hapa," alisema hatimaye, "na hii ndiyo ya kwanza inayomshtaki aliyeiandika." Akavaa miwani. "Tutanunua chekundu kwa wanaoanza na cha buluu nakala moja kwa fundi. Hao wengine mtawaandikia ninyi wawili. Kurasa kumi, si zaidi. Anzeni kwa kusahihisha namba zote hizo. Mtihani nausogeza mbele wiki mbili, na wewe, mama, utaufanya pamoja nao."

"Nitaufanya."

Koridoni walimsubiri fundi akate kona.

"Ulitaka kunisitiri kwa faida gani?" Mama Masijala aliuliza.

"Wewe ni wifi yangu. Kukuaibisha ni kazi yangu, si ya daktari."

Mama Masijala alitaka kucheka, akashindwa, akasimama na kujifanya anasoma tangazo la chanjo. Cherehani alimngoja. Hakumharakisha, wala hakumgusa.

Waliporudi masijala walisahihisha namba thelathini, kisha wakavuta viti pamoja. Mama Masijala akachukua karatasi safi.

"Tuanze na safu ya namba," alisema.

"Hapana," alisema Cherehani. "Ukianza na hiyo nitairuka. Andika kwanza kwamba anayesoma hapa si mjinga, kazi anaijua. Mtu akishaniambia hivyo, kosa langu lolote nitalisoma."

Mama Masijala aliandika kama alivyoambiwa.